Goma: Kuni, mazutu au umeme? Hesabu ngumu ya mwokaji kabla ya kununua tanuri

Saa tisa za usiku, wakati mtaa umelala, nyumba za kuoka mikate mjini Goma, Kivu Kaskazini, ndipo kazi inapokolea. Unga umekwisha kukandwa, chachu imefanya kazi yake, na mikate mibichi imepangwa kwenye sahani za chuma ikingoja moto. Kutoka hapo hakuna kurudi nyuma. Donge lililokwisha kuumuka halingoji: lisipoingia kwenye tanuri kwa wakati, linazidi kuumuka, linalegea, kisha linaanguka na kuwa chachu. Ikiwa umeme unakatika saa hiyo, ama kuni zilizoletwa ni mbichi, hasara ya usiku mzima iko mlangoni.

Ndiyo sababu swali la tanuri gani linunuliwe si la fundi peke yake. Kwa mwenye kiwanda kidogo cha mkate, tanuri ndiyo mali ya bei kubwa kuliko zote, na akikosea atalipa kosa hilo kwa miaka kumi. Kwa mkaaji wa Goma, chaguo hilo linaonekana kwenye bei na uzito wa mkate wa asubuhi. Na kwa msitu wa Virunga, linaonekana kwenye miti.

Mji unaokula msitu

Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, na tangu 1979 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tangu 1994 imewekwa pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kati ya mambo yanayoihatarisha, makala ina nafasi kubwa. Sehemu kubwa ya makala inayopikiwa Goma imekuwa ikitoka kwenye miti ya hifadhi hiyo, na biashara yake imelisha makundi yenye silaha kwa miaka mingi. Mwaka 2007, sokwe wa milimani waliuawa kwa risasi ndani ya hifadhi, na uchunguzi ukaelekea kwa wafanyabiashara wa makala waliotaka kuwavunja moyo walinzi.

Viwanda vya mkate havitumii makala kwa wingi kama majiko ya nyumbani. Vingi hutumia kuni moja kwa moja. Hilo ni jambo la heri, maana kuchoma makala porini kwa njia ya zamani hula kilo sita hadi kumi za miti ili kupata kilo moja ya makala, na zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwa ndani ya mti hupotea na moshi. Lakini kuni nazo lazima zitoke mahali. Mradi wa EcoMakala ulioanzishwa na WWF mwaka 2007 uliwasaidia wakulima wadogo kuzunguka hifadhi kupanda miti inayokua haraka kwa ajili hiyo. Mwokaji anayenunua kuni za mikaratusi iliyopandwa na yule anayenunua kuni zisizojulikana zilikotoka hawafanyi kazi moja, hata kama moto wao unafanana.

Kwa upande mwingine, mji ulipata nafasi mpya Desemba 2015, kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilipozinduliwa. Kituo hicho cha megawati 13 hivi kinaendeshwa na Virunga Energies, kampuni iliyotokana na hifadhi yenyewe. Wazo lilikuwa wazi: mkaaji akipata umeme wa bei anayoiweza, ataacha makala, na kijana akipata kazi kwenye kiwanda kidogo hatakwenda porini. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru nayo iliwasha mjini kituo cha jua cha megawati 1.3. Pamoja na umeme wa SNEL unaotoka Ruzizi, waokaji wa Goma walianza kujiuliza jambo ambalo baba zao hawakuwa na sababu ya kujiuliza: je, tuzime kuni?

Swali la kwanza si bei

Mtu akiingia kwenye duka la mashine, muuzaji humkaribisha kwa swali moja: "Patron, unataka ya sahani ngapi?" Ni swali jema, lakini si la kwanza. La kwanza ni hili: kwa usiku mmoja, unaoka unga kiasi gani?

Chukua mfano wa mwokaji anayetumia magunia manne ya kilo 50, yaani kilo 200 za unga. Akiongeza maji, chumvi na chachu, atapata donge la kilo 320 hivi. Motoni, sehemu ya maji hugeuka mvuke, na asubuhi atakuwa na mkate wa kilo 280 hivi. Hizo kilo 280 ndizo zinazochagua tanuri.

Tanuri zuri la umeme hutumia, kwa makadirio ya kawaida, kilowati-saa 0.4 kwa kila kilo ya mkate. Kwa kilo 280 ni kilowati-saa 112 kwa usiku. Tanuri la mazutu lenye kichomeo kinachofanya kazi vizuri litahitaji lita 14 au 15 kwa kazi hiyo hiyo, kwa kuwa lita moja ya mazutu ina kilowati-saa 10 hivi za joto na sehemu yake hutoka na moshi. Tanuri la matofali la kuni hula nusu kilo hadi kilo moja ya kuni kwa kila kilo ya unga, yaani kilo 100 hadi 200 kwa usiku, kulingana na lilivyojengwa na kuni zilivyo.

Hesabu hizi ni za kukadiria, lakini zinampa mwokaji kitu cha kuanzia. Azidishe kilowati-saa kwa bei iliyo kwenye mita yake, lita kwa bei ya pampu ya leo, na kilo za kuni kwa bei anayomlipa mwenye lori. Baada ya hapo ndipo azungumze na muuzaji.

Kuna chaguo moja ambalo hesabu hiyo hulikataa mara moja: kuendesha tanuri la umeme kwa jenereta kila usiku. Lita moja ya mazutu ikipita kwenye jenereta hutoa kilowati-saa 3 hivi za umeme tu. Zinazobaki huenda na joto la injini na moshi. Zile kilowati-saa 112 zingedai lita 37, zaidi ya mara mbili ya mazutu ambayo tanuri la kichomeo lingetumia kuoka mkate ule ule. Jenereta ni ya kuokoa sahani zilizokwisha kuingia motoni umeme unapokatika, pamoja na kuzungusha mashine ya kukanda. Anayeifanya kuwa chanzo cha joto cha kila siku anachoma faida yake.

Kuni: moto wa zamani wenye akili

Wengi hulidharau tanuri la matofali, lakini lina sifa ambayo mashine za chuma hazina. Kuta zake nene hunywa joto na kulirudisha polepole. Moto ukishazimwa na mlango kufungwa, linaendelea kuoka kwa saa kadhaa: kwanza mkate unaotaka joto kali, kisha keki na vitu vinavyotaka joto la wastani. Likitumiwa kila usiku halipoi kabisa, na usiku unaofuata linahitaji kuni chache ili kurudi juu. Likiachwa siku tatu, litadai mzigo wa kuni ili kupata moto tena.

Udhaifu wake unaanzia kwenye kuni zenyewe. Mti uliokatwa jana huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na kilo ya kuni hizo hutoa karibu nusu tu ya joto la kilo ya kuni kavu, kwa sababu moto hufanya kwanza kazi ya kuchemsha maji. Mwokaji anayenunua kuni mbichi kwa bei ya chini mara nyingi ananunua maji. Paa dogo la mabati, kuni zilizopasuliwa na kupangwa zikipitiwa na upepo kwa miezi sita, ni mtaji unaorudi bila kununua mashine yoyote.

Kisha kuna ujenzi. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, na mawe hayo huonekana kila mahali, kwenye ukuta na kwenye msingi. Ndani ya chumba cha moto, hata hivyo, jiwe lenye matundu lililonyonya maji laweza kupasuka joto linapopanda ghafla. Sehemu inayoguswa na moto inataka matofali yanayohimili moto na udongo wake maalumu. Jiwe la volkano libaki nje, kwa kubeba uzito. Bomba la moshi lenye kifuniko cha kufungwa moto unapotulia huzuia joto lisiondoke usiku kucha, na ni kati ya vitu vya bei ndogo ambavyo mafundi wengi husahau.

Jambo moja halina mjadala. Katika tanuri ambalo moto huwaka chumba kile kile kinachooka mkate, chochote kinachochomwa huacha kitu juu ya chakula. Mbao zenye rangi, mbao zilizotiwa dawa, matairi na plastiki havina nafasi humo, hata siku kuni zimeadimika.

Mazutu: joto la haraka, harufu ya hatari

Tanuri la kichomeo cha mazutu, hasa lile lenye kigari cha sahani kinachozunguka ndani, limewavutia wenye viwanda vikubwa kidogo. Linapanda joto haraka, hewa ya moto inazungushwa na feni, na mikate ya juu na ya chini hupata rangi moja. Kijana mmoja anaweza kusukuma kigari kizima ndani, badala ya watu wawili kuchomekana mikono na makoleo marefu.

Ndani ya tanuri hilo kuna chumba cha chuma kinachotenganisha moshi wa mazutu na hewa inayogusa mkate. Hicho ndicho cha kukaguliwa kwanza, hasa kwa mashine iliyotumika Ulaya au Asia kabla ya kuletwa. Chuma hicho kikipasuka, hata ufa mdogo, moshi huingia kwenye mkate. Mteja ndiye hutambua kwanza: "Mama, huu mkate unanuka mazutu." Siku hiyo si mkate mmoja unaorudishwa, ni jina la nyumba.

Jambo la pili ni urefu wa nchi. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Kichomeo kilichorekebishwa kiwandani kwa nchi tambarare kikiwashwa Goma hupata hewa pungufu: moto unakuwa wa manjano, masizi yanajaa, mazutu yanapotea. Fundi lazima akipange upya mahali kinapofanyia kazi. Jenereta nayo hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo kilovolti-ampea zilizoandikwa kwenye kibati si zile ambazo mwokaji atazipata.

Na mazutu yote hutoka nje. Barabara ikifungwa, bei hupanda kabla ya jua kuzama.

Umeme: safi, mradi uwepo

Tanuri la umeme halina moshi, halina bomba, na joto lake linafuata kidole. Kwa kiwanda kilicho katikati ya nyumba za watu hilo ni jambo kubwa, na kwa mfanyakazi anayepumua humo kila usiku ni kubwa zaidi. Kwa mwokaji anayeanza, tanuri la ngazi moja la kilowati sita au saba laweza kutosha. Ngazi tatu huhitaji kilowati 18 hadi 20. La kigari kinachozunguka huhitaji kilowati 40 na zaidi.

Hapo ndipo nyaya zinapoingia kwenye hesabu. Tanuri la kilowati 18 kwenye umeme wa fazi tatu wa volti 400 huvuta ampea 26 hivi kwa kila fazi. Kilowati hizo hizo kwenye umeme wa kawaida wa nyumbani wa volti 220 zingevuta ampea 80 na zaidi kwenye uzi mmoja. Waya wa nyumba ya kawaida ungeungua. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata malipo ya kwanza ya mashine, mwokaji anapaswa kuuliza kampuni yake ya umeme kama fazi tatu inafika kwenye kiwanja chake, na kuunganishwa kutamgharimu kiasi gani. Wako walionunua tanuri kwanza na kuuliza waya baadaye. Tanuri likabaki kwenye kreti, deni likaendelea kutembea.

Volti nazo zinapimwa. Ikiwa mtaani taa hufifia saa za jioni, tanuri litafifia zaidi: volti zikipungua kwa asilimia 10, joto linalotoka kwenye nyaya za tanuri hupungua kwa karibu asilimia 19. Mkate uliozoea dakika 20 utataka zaidi, na rangi haitakuwa ile ile. Faraja ni kwamba waokaji hufanya kazi usiku wa manane, wakati wengi wamezima majiko.

Lakini umeme wa Goma una historia yake. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na lava ikakata barabara ya Rutshuru pamoja na njia ya umeme. Mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipofika Goma na mji ukaangukia mikononi mwa AFC/M23, umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa, wakati ambapo familia nyingi zilikuwa zimefungiwa nyumbani na mkate ulikuwa chakula kisichohitaji kupikwa. Siku kama hizo, mwenye tanuri la kuni aliyekuwa na unga na kuni uani aliweza kuoka. Mwenye umeme peke yake hakuweza.

Deni halijui kama umeme umekatika

Tangu benki nyingi za Goma zifunge milango Januari 2025 na uwanja wa ndege kufungwa, kununua mashine kumekuwa safari ndefu. Pesa ni ngumu kupata, na mzigo lazima upite barabarani na mipakani. Katika hali hiyo, hesabu ya kurudisha mtaji inafaa kufanywa bila matumaini ya ziada.

Tuseme tanuri na kulifikisha kunagharimu dola 9,000, na mwokaji amehakikisha kwamba ataokoa dola 300 kila mwezi kwenye kuni. Fedha zake zitarudi baada ya miezi 30. Ikiwa amekopa kwa kulipa ndani ya miezi 18, atatakiwa kutoa dola 500 kila mwezi, hata kabla ya riba. Tofauti ya dola 200 lazima itoke kwenye mauzo. Na kila usiku ambao umeme haukuwepo unapunguza zile 300. Mashine inaweza kuwa nzuri na mkopo ukawa mbaya.

Vipuri ni sehemu ya bei hiyo. Nyaya za joto, kipima joto, mkanda wa feni: je, vinapatikana Goma, Gisenyi au Kampala, au lazima viagizwe mbali? Kipuri cha dola 20 kinachosubiriwa wiki tatu kinagharimu wiki tatu za mkate. Mwokaji mwangalifu hununua viwili siku ile ile anayonunua tanuri, na humchukua fundi wa mtaa wake aone mashine ikifunguliwa kabla ya kulipa.

Anayelala karibu na moto

Katika mazungumzo ya bei, mtu mmoja husahaulika: kijana wa zamu. Katika viwanda vidogo, wafanyakazi wengi hulala pale pale, karibu na tanuri, kwa kuwa kuna joto na kwa kuwa kurudi nyumbani usiku ni hatari. Moto wa kuni au makala unaokaribia kuzima ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, husikia usingizi, kisha haamki.

Tundu la hewa chini na lingine juu, bomba la moshi linalopanda kupita paa, na chumba cha kulala chenye ukuta wake: gharama hizo ziandikwe kwenye karatasi ile ile ya bei ya tanuri. Asiyeweza kuzilipa hana bado uwezo wa kulipa tanuri.

Mikono miwili

Kutokana na haya yote, njia inayofaa viwanda vingi vidogo vya Goma ni kutobomoa. Mwenye tanuri la matofali lililo zima analikarabati, anakausha kuni, anaweka kifuniko cha bomba, kisha anaongeza tanuri dogo la umeme kwa mikate midogo na keki za mchana. Akiona miezi sita mfululizo kwamba umeme haumwangushi, anaongeza ngazi ya pili. La matofali linabaki kama akiba ya siku mbaya. Kiwanda kikubwa chenye kilo elfu moja za unga kwa usiku kina hesabu nyingine. Hicho kinaweza kufikiria kigari kinachozunguka, cha umeme ikiwa fazi tatu ipo, kikiwa na kichomeo cha mazutu cha akiba.

Kuna pia daftari. Mwokaji anayeandika kila asubuhi kilo za unga, kuni au kilowati-saa zilizotumika, mikate iliyotoka na iliyoungua, baada ya miezi mitatu atajua kuhusu tanuri lake mambo ambayo hakuna muuzaji atakayemwambia. Wengi hugundua kwamba hasara yao haikuwa kwenye aina ya moto, bali kwenye mlango usiofunga sawasawa.

Saa kumi na mbili asubuhi, vijana hutoka na mabeseni kichwani na vikapu nyuma ya pikipiki. Mteja anayenyosha franka zake hatauliza mkate huo uliokwa kwa nini. Atautazama rangi, ataubonyeza kidogo kwa kidole, kisha atauliza kama ni wa leo.